Nimemfundisha Renita Kuinama

Mpendwa Bi. Ernestine wa ukurasa wa saba,

Naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana gazeti lenu linatoka Alhamisi na mimi natakiwa kupanda jukwaani Jumapili, na kwa hali niliyo nayo sasa hata ukiniuliza kulia ni wapi na kushoto ni wapi nitakudanganya.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimezaliwa hapahapa mjini Gary, marehemu baba alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma kama baba za watu wote wa mtaa wetu, na mama anafua mashuka ya hospitali na ndiye msemaji wa wenzake kwenye chama cha wafanyakazi, ukimsikia anavyogombana na msimamizi utadhani redio imefunguliwa mpaka mwisho. Mwaka juzi nilijiunga na kikundi kimoja cha ukombozi wa watu weusi, jina lake nalihifadhi ingawa najua utalibashiri, nikaacha kunyoosha nywele kwa kitana cha moto, nikapewa jina la Kiafrika, Zuhura, na nakuapia Bi. Ernestine sijawahi kujisikia mtu kama nilivyojisikia mle ndani, maana mimi ni yule msichana aliyekuwa akijipaka krimu ya kung'arisha uso kwa siri bafuni, na hawa ndio watu wa kwanza kuniambia niitupe, na niliitupa.

Wakanipa shule ya watoto, ipo chumba cha chini cha kanisa la Kibaptisti, watoto ishirini na wawili, tunawafundisha kusoma na kuhesabu na kujua kwamba ni wazuri, na yupo mmoja anaitwa Renita, ana miaka sita, alikuja hasemi kitu, anajificha nyuma ya koti lake, na sasa anaimba mpaka namwambia shusha sauti kidogo mama, mchungaji yuko juu anaandika mahubiri. Kwa shule hii naweza kufa.

Sasa kuna jambo. Kiongozi wetu ni Kaka Jabali, nilisoma naye sekondari akiitwa Clarence, ni mtu mwenye akili na moyo, amewekwa ndani mara mbili kwa ajili yetu na hilo sitamnyang'anya, lakini mwaka jana alikuja na agizo kwamba wasichana wafundishwe kukunja mikono kifuani na kuinama kila mwanamume anapopita, akasema ndivyo wanawake wa Afrika wanavyowaheshimu wanaume wao, na kwamba mzungu alitubomoa kwa kuwadhalilisha wanaume wetu mbele ya wake zao, kwa hiyo sisi wanawake ndio wa kuwainua. Mimi tangu siku ile halikunishuka kooni. Lakini kwetu mambo huamuliwa kwenye duara, kiongozi anasema, halafu kuanzia kushoto kwake kila mtu anatamka "Naafiki", na duara halifungwi mpaka wote tumetamka, na ukisita tu unaulizwa mbele ya wenzako, "Dada, nani anazungumza kinywani mwako?" Maana yake ni kwamba kuna mzungu amekaa ndani yako anakusemea. Nilimwona dada mmoja aliyeulizwa hivyo, akalia kweli, na akatamka. Basi na mimi nilipofikiwa nikasema naafiki, na Jumatatu nikawapanga watoto mstari nikawafundisha. Renita ndiye aliyejua haraka kuliko wote.

Wiki iliyopita akaenda mtu wa kusoma mita ya gesi nyumbani kwao, mzungu, na Renita ndiye aliyefungua mlango, akamwona mwanamume, akakunja mikono akainama mpaka kichwa kikafika magotini. Yule mtu akacheka, akampapasa kichwani, akasema, "Huyu ndiye aliyefunzwa vizuri." Na bibi yake Renita, Bi. Pearlie Gaines, alikuwa amesimama nyuma ya mtoto na unga mikononi.

Akaja shuleni na unga vilevile.

"Nani kamfundisha mtoto huyu kuinama?"

Nikasema, "Ni utamaduni wetu, Bi. Pearlie."

"Wetu na nani? Mimi nimetoka Mississippi nina miaka kumi na tisa. Kuinama nakujua, ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilipanda treni ili asizaliwe wa kwangu atakayeinama tena. Sasa nakuuliza kwa adabu, binti, ni wewe?"

Na mimi, Bi. Ernestine, Mungu anisamehe, nikasema, "Ni uamuzi wa kikundi." Hakunitukana. Alimvalisha Renita koti, akafunga vifungo vyote polepole, wakaondoka, na mtoto hajarudi mpaka leo.

Nikapeleka habari kwenye duara nikidhani sasa tutaliacha, Kaka Jabali akasikitika sana, machozi yakamlengalenga, halafu akasema kosa si kuinama, kosa ni kumwinamia mzungu, basi watoto wafundishwe kutofautisha. Naafiki, naafiki, naafiki, likanifikia, na mimi nikasema naafiki, sijui kwa nini, kinywa kilikwenda chenyewe. Na palepale wakanichagua nisome tamko la akina dada kwenye mkutano wa Jumapili, kanisani juu ya shule yetu, kwa kuwa nina sauti nzuri, na mstari wa mwisho wa tamko unasema, "Tunainama kwa hiari yetu ili wanaume wetu wasimame." Bi. Pearlie ni mshirika wa kanisa lile. Huwa anakaa safu ya pili.

Mama nilipomweleza akapiga meza, "Nilikwambia mimi! Mzungu nimemkatalia asinikalie kichwani, leo nimkaribishe Clarence?" Lakini yeye anataka nikiache kikundi moja kwa moja, anasema hizo habari za Afrika ni maigizo ya watu waliokosa kazi, na hapo siafikiani naye hata kidogo, maana ni habari hizohizo zilizonitoa bafuni. Nikamwuliza nesi mmoja wa Ghana anayefanya kazi hospitalini kwa mama, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mama yake anauza vitambaa sokoni na wanaume ndio wanaomwinamia wakiomba awapunguzie, nikafurahi, halafu akaongeza, "Ila kwa kina mjomba wangu, wanawake wanapiga magoti." Sasa hapo nishike lipi?

Nikikataa kusoma nitanyang'anywa shule. Nikisoma nitakuwa nimesema uongo kanisani mbele ya Bi. Pearlie. Nikisema wazi jukwaani, magazeti ya wazungu yatashangilia kwamba watu weusi wameanza kutafunana. Na kinachonikosesha amani kuliko vyote ni lile swali, maana nikitafuta wazo langu nakuta sauti ya mama, nikitafuta tena nakuta ya Kaka Jabali, na pengine kweli yumo na mzungu humo ndani, nitajuaje? Nani anazungumza kinywani mwangu? Nisaidie mama yangu, sielewi.

Ni mimi Zuhura, ambaye nyumbani bado anaitwa Lorraine.

*

BI. ERNESTINE TOLLIVER ANAJIBU

Zuhura mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukukumbatia, mara ya pili nilitaka kukuvuta sikio. Nitafanya yote mawili, vumilia.

Nianze na sikio. Umeniandikia kana kwamba hujui unachofikiri. Unajua. Umesema mwenyewe kwamba tangu siku ya kwanza halikukushuka kooni. Mwaka mzima halijashuka, na umelilisha watoto ishirini na wawili! Unachotaka kutoka kwangu si kujua lililo sawa, unataka nikuonyeshe njia ya kulisema bila mtu yeyote kukununia. Njia hiyo haipo. Ningekuwa nayo ningekuwa nimeshaiuza.

Sasa hilo swali lao linalowaliza watu wazima. Nani anazungumza kinywani mwako? Swali si baya, tatizo wanaliuliza kwa anayekataa tu. Mbona hakuna aliyekuuliza uliposema naafiki? Jiulize wewe. Siku ile Bi. Pearlie alipokuuliza "ni wewe?" ukajibu "ni kikundi," nani alikuwa anazungumza? Nitakwambia mimi, ilikuwa hofu, na hofu haina rangi, haina Afrika wala Ulaya.

Na kuhusu sauti ya mama yako, sasa ulitaka uitoe wapi sauti, dukani? Kila wazo lina mtu lililotoka kwake. Mimi sufuria yangu ni ya marehemu mama yangu, na mboga ninayoipika leo ni yangu. Umechukua la mama yako kuhusu Clarence ukaliacha lake kuhusu Afrika. Umechukua la Clarence kuhusu nywele zako ukakwama kwenye kuinama. Huko ndiko kuwa na maoni yako, mwanangu, ulidhani kukoje? Hata huyo nesi wa Ghana kakusaidia bila kujua. Afrika ni kubwa, ina wanaoinama na wasioinama, kwa hiyo usijifiche nyuma yake. Itabidi useme wewe unataka nini hapa Gary.

Sikusemi kwa kuwa mimi ni malaika. Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane, katika chama chetu cha wapangaji, nilinyoosha mkono kumfukuza rafiki yangu Hattie Broadnax. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba wanawake ndio wanaobisha milango ya watu kwenye baridi na wanaume ndio wanaokaa meza kuu. Nilikuwa nakubaliana naye neno kwa neno. Nilinyoosha kwa sababu mikono yote ya safu yangu ilikuwa juu. Hattie alinitazama, akachukua kofia yake, akahamia Detroit. Chama hakikuongeza hata siku moja ya uhai kwa kumkosa, kilikufa mwaka uliofuata. Barua niliyotaka kumwandikia sikuiandika, na sasa hakuna wa kuisoma.

Basi sikiliza utakavyofanya, na usiniletee "lakini".

Leo hiihii, ukishaweka gazeti hili chini, nenda kwa Bi. Pearlie. Usiende na kitabu wala hotuba. Mwambie, "Ni mimi niliyemfundisha." Halafu nyamaza, akikupa kazi ya kumenya viazi, menya. Asipokusamehe, hana deni hilo kwako.

Kesho nenda kwa Clarence, nyumbani kwake, si kwenye duara. Mwite Kaka Jabali, maana ndilo jina alilolichagua na amelilalia jela. Mwambie hutasoma tamko na hutafundisha kuinama, na mwambie pia kwamba hutoki. Hilo la pili liseme kwa nguvu zaidi. Mtu aliyelengwa na machozi kwa ajili ya Renita anaweza kusikia, akiwa peke yake, asipokuwa na watu thelathini wa kuwaonyesha kwamba hatikisiki. Usimvizie jukwaani. Wewe mwenyewe hukutaka kuaibishwa mbele za watu, basi na yeye usimfanyie. Mwandishi wa gazeti la wazungu akipiga simu, mwambie chungu kinaungua jikoni.

Wakilileta kwenye duara, sawa, keti. Likikufikia, sema, "Siafiki, na bado ni dada yenu." Duara halitafungwa. Liache wazi. Halijaua mtu.

Wanaweza kukunyang'anya shule, sikufichi. Itauma, na sina dawa yake. Lakini hesabu vizuri unachokiogopa, maana shule iliyo mikononi mwako sasa ni ile ambayo Renita hayumo. Huyo umeshamkosa kwa kusema naafiki.

Na siku utakayomwona tena, shuleni au kwa bibi yake au njiani, najua atakachofanya, kwa kuwa ulimfundisha vizuri. Atakuona uko na mwanamume, atakunja mikono yake, ataanza kuinama. Usimkemee. Chuchumaa haraka, uwe chini kuliko yeye, mshike hiyo mikono uikunjue, umwambie, "Renita, mwalimu alikosea." Useme wewe, kwa kinywa chako, na usimtaje mtu mwingine.