Tatu Kati ya Ishirini

Jumatatu, 3 Februari

Maneno matano yaliyosikika leo. "Shikamoo" nne, "asante" moja. Nimeyahesabu njiani nikirudi.

Nyumba ya Chapa, nilikoanza leo kujifunza kuchapa picha, zamani ilikuwa ghala. Madirisha yako juu kabisa, karibu na paa, kwa hiyo mwanga hauingii – unashuka. Unashuka polepole, kama mtu anayeogopa ngazi. Katikati kuna mashine yenye gurudumu kubwa la chuma. Juu ya vichwa kuna kamba, na kwenye kamba picha zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zinakauka. Mtu akifungua mlango zote zinapumua pamoja. Nilisimama mlangoni nikizitazama mpaka mtu akapiga kelele nifunge, upepo!

Mkubwa wa pale anaitwa Bi Wino, maana kucha zake hazijapata kuwa nyeupe. Akaniuliza jina. Nikajibu. Hakusikia. Akauliza tena, nikajibu tena. Akasema haya, basi wewe ni Kimya, na Kimya ataosha rola za wino. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nimelipenda. Ni jina la kujifunika.

Asubuhi naosha rola na kutundika karatasi. Alasiri napewa patasi tatu, kipande cha mbao na meza. Meza! Ina duara la kikombe cha mtu wa zamani. Nimeweka kikombe changu palepale.

Jumatano, 5 Februari

Naandika taratibu za Nyumba nisije nikasahau.

Yeyote anayechora anaweza kuja. Anachonga picha yake kwenye mbao, anapewa wino na zamu ya mashine. Kabla ya kuanza anasema nakala zitakuwa ngapi – ishirini, thelathini – na kila moja inaandikwa namba kwa penseli. Nakala ya mwisho ya kila siku inabaki kwenye droo ya Nyumba. Zikitimia zote, mbao inachanjwa: mistari miwili, kona hadi kona. Mbao yenye chale imekufa. Haipiti tena kwenye mashine.

Nikauliza (niliuliza mwenyewe!) kwa nini tuiumize. Bi Wino akasema ili mwenye nakala yake alale akijua ziko ishirini tu dunia nzima.

Ana namna ya kugusa karatasi aliyoilowesha kabla ya kuchapa. Haigusi kwa kiganja, anaigusa kwa nyuma ya mkono. Kama Mama na mashuka. Mama anapiga pasi mashuka ya hospitali tangu sijazaliwa. Haangalii kama limekauka. Anageuza mkono tu, analigusa kama anapima homa.

Jumamosi, 8 Februari

Kila Jumamosi mwalimu kutoka shule ya sanaa anakuja kuangalia kazi za watu. Leo amesimama kwenye meza yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimechonga mvuke wa pasi – mvuke tu, pasi yenyewe haipo. Akainama. Akasema shule inachukua mtu mmoja wa Nyumba kila mwaka, miaka miwili, na mwaka huu jina bado halijapatikana. Akaniachia fomu. Bi Wino anasaini, na kwa kuwa sijafika miaka kumi na minane, mzazi anasaini. Mwisho Jumatatu ya tarehe 24.

Nikapita mtaa wetu bila kuuona. Nikarudi nyuma. Nikaupita tena!

Dada alipoiona fomu akashika kiuno. "Msanii wetu! Basi leo utuchoree chakula, na nyama usisahau."

Mama hakucheka. Aliisoma fomu mbele na nyuma, hadi maandishi madogo ya chini. Kisha akaiweka juu ya kabati, chini ya pasi mbovu. Akasema ameshaongea kule kazini, kuanzia Machi nitapata nafasi ya kukunja mashuka.

"Pale wanakufundisha kuota vizuri sana, mwanangu," akasema. "Ila asubuhi hawaji kukuamsha."

Pale. Kama mtu anayepajua.

Jumanne, 11 Februari

Shule italeta wanafunzi sita wachape kwetu, kwa hiyo rafu zinahitajika. Bi Wino akanionyesha mbao za rafu ya chini. Zimekaa miaka na miaka, wenyewe hawarudi tena. Nizichanje zote, wanaojifunza wachonge upande wa nyuma. Ila kwanza niangalie droo kama nakala za kila moja zilitimia. Isiyotimia niiweke kando.

Droo ilikuwa imefungwa. Ufunguo uko shingoni kwa Bi Wino, na Bi Wino alikuwa na wageni watatu, wale ambao viatu vyao vinalia sakafuni. Nikasogea. Nikarudi. Nikasogea tena, nikajifanya naokota kibanio. Maneno yalikuwa yamepangana vizuri kabisa – naomba ufunguo, Bi – lakini nikarudi na kibanio tu mkononi.

Nikajiambia, si amesema mwenyewe hawarudi?

Nimechanja mbao thelathini na moja. Rula, patasi, vuta. Sauti yake ni kama kitambaa kinachopasuliwa polepole. Ilikuwa tamu, nakiri. Picha kwenye mbao zinaangalia upande wa pili, nyeusi kwa wino wa zamani, kama nyuso chini ya maji. Zilipita mikononi mwangu moja moja: kuku, mti, mzee anayepiga mswaki. Moja ilikuwa chumba. Chumba kizuri. Mstari wangu ulipita juu ya kitanda.

Jioni Bi Wino akauliza, zote zilitimia? Nikaitikia kwa kichwa.

Nimedanganya bila kutoa sauti.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Karatasi hazikauki. Wote tumekaa tukizisubiri kama wagonjwa. Mwanga wa kijivu, harufu ya wino, mtu anapiga mluzi huku amesinzia. Nikafikiri: ningekaa hapa mpaka nami niwe duara la kikombe kwenye meza ya mtu.

Fomu bado iko chini ya pasi.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika hata kabla sijavua viatu.

Leo nimepewa ufunguo, bila hata kuuomba. Nipange nakala za droo na kuweka karatasi laini katikati yake. Droo ni pana kama kitanda. Nilikuwa nimepiga magoti, nazitoa mojamoja, mawazo yako mbali kabisa. Kuku. Mti. Mzee na mswaki wake, thelathini kati ya thelathini. Nikapumua.

Halafu chumba.

Sasa kinaangalia upande sahihi. Dirisha liko kushoto. Beseni limeegemea ukuta. Kitanda cha miguu ya chuma, na juu yake, ukutani, ufa – ufa ulio kama mbuzi anayekimbia. Namjua yule mbuzi! Mimi na Dada tulilala chini yake miaka yote tuliyokaa kwa Bibi. Tulimpa jina. Nilimfuata kwa kidole kila siku mpaka usingizi unanichukua.

Chini, kwa penseli: 3/20. Ile tatu yenye kichwa bapa. Naiona kila jioni kwenye vitambulisho vya mashuka, Mama akiviandika nyumbani. Na jina la Mama, la ukoo wake, kabla hajaolewa.

Tatu kati ya ishirini. Haikutimia. Na mimi nimeichanja.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwambia Bi Wino. Siku mbili nimezunguka na maneno hayo kinywani kama mbegu. Leo nikajikaza. Nikasema yote – droo, ufunguo, wageni, kule kuitikia kwangu kwa kichwa. Na mbao ile ni ya nani.

Nilidhani atanifukuza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanitazama, akaanza kutafuta kitu usoni kwangu.

"Pua," akasema. "Pua ni yake. Nami nimekaa nayo wiki mbili, nisiione!"

Akasema Mama alikuwa anakuja baada ya kazi, mikono inanuka sabuni ya hospitali. Alichonga chumba kile miezi minane. Nyumba ililipeleka jina lake shuleni. Lakini shule ya wakati ule ilitaka mtu wa kutwa nzima, miaka mitatu, na Bibi alikuwa hawezi kunyanyuka kitandani. Mama akachapa nakala tatu, akaosha rola vizuri, akasema atarudi Jumamosi.

Nikauliza, mkamfuata?

Bi Wino akaangalia kucha zake. "Tulisema atarudi mwenyewe. Rafu tukaitunza, mtu tukamwacha."

Kisha akainuka, akaenda kuitafuta mbao ya Mama kwenye rundo. Akaipangusa kwa aproni yake, pamoja na chale zangu. Kuhusu ule uongo wangu akasema ufunguo utakaa shingoni kwangu mwezi mzima, nione uzito wake. Ninao sasa hivi. Baridi.

Jumatano, 19 Februari

Mama alikuwa anapiga pasi, nguo zetu safari hii. Dada anasuka nywele kwenye mkeka. Jua la alasiri mlangoni. Nikasema hapohapo, kabla mdomo haujajua.

"Mama, nimechanja mbao yako."

Pasi ikasimama. "Ipi?"

Kama anazo nyingi!

"Ya chumba cha Bibi."

Dada akauliza mbao gani, chumba gani, mnaongea lugha gani nyie? Harufu ya kuungua ikaanza. Mama akanyanyua pasi, na kwenye kanga kulikuwa na alama ya kahawia, mfano wa jani.

"Walikuwa bado wanayo?" akauliza. Hakuniuliza mimi, nadhani.

Nikasema samahani. Nikasema sikuomba ufunguo kwa sababu niliona haya. Akaendelea kupiga pasi, kola, mkono, mkono. Sikujua kama amesikia. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Haya hizo umezitoa kwangu."

Basi. Akakunja ubao.

Alhamisi, 20 Februari

Dada anatembea kwa ncha za vidole, yeye!

Fomu haipo chini ya pasi. Haipo juu ya kabati. Sijathubutu kuangalia kwenye takataka.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika hapa nje, kwenye ngazi za Nyumba, mkono bado una wino. Niandike haraka.

Saa nne mlango ukafunguka, karatasi zote zikapumua. Nikageuka kumwambia mtu afunge. Ni Mama. Na sare yake ya kazi, ile ya bluu. Alisimama palepale niliposimama mimi siku ya kwanza, ameinua uso.

Bi Wino akaweka rola chini. "Umechelewa zamu yako."

"Nilikuwa napiga pasi," Mama akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Wao wawili hawakucheka. Walishikana mikono, mkono mweusi wa wino na mkono mweupe wa sabuni, muda mrefu, bila kuitikisa.

Bi Wino akaleta mbao. Mama akaiweka mezani – meza yangu, akaenda moja kwa moja, na kikombe changu akakisogeza kutoka kwenye lile duara bila hata kukitazama. Akapitisha kidole kwenye ufa. Kwenye beseni. Kisha kwenye chale zangu, kona hadi kona.

"Mistari hii nani kaivuta?"

"Mimi," nikasema. Ghala lote limesikia. Mtu fulani akasema, eti Kimya ana sauti!

Mama akainamisha kichwa, akafumba jicho moja. "Imenyooka," akasema.

Kisha akamgeukia Bi Wino. "Naomba karatasi kumi na saba."

Mwalimu wa Jumamosi akakohoa. Akasema kwa adabu kwamba, Mama samahani, mbao yenye chale kwa utaratibu wa hapa haipiti. Bi Wino akamwambia, mwalimu, hebu sogea, umesimama kwenye mwanga. Akazihesabu karatasi, akazilowesha. Yeye na Mama wakazigusa kwa nyuma ya mkono, kwa wakati mmoja.

Mama amepaka wino mwenyewe. Hajasahau. Ameiegemea rola ile kama anapiga pasi shuka, mbele, nyuma, pembeni. Gurudumu limelia. Bi Wino akashika kona mbili za karatasi, Mama kona mbili, wakaifunua polepole.

Chumba. Dirisha, beseni, mbuzi wetu anakimbia. Na juu ya yote mistari miwili myeupe, imepishana juu ya kitanda cha Bibi kama kamba za kuanikia.

Mama ameitazama sana. Uso wake sikuweza kuusoma. Ndiyo maana nimetoka nje.

Mlango nimeuacha wazi kidogo, namwona. Amekaa mezani kwangu. Kwenye mfuko wa sare kuna kalamu ya wino, na fomu imekunjwa mara nne, ncha yake imechungulia. Nyuma ya sikio kuna penseli ya Bi Wino. Leo ni Jumamosi, tarehe 22. Mwisho ni keshokutwa.

Mkono umepanda. Penseli. Anaandika chini ya picha, taratibu. Nne kati ya ishirini.

Mfuko bado haujaguswa.

Ananiita. Si Kimya – jina langu, lenyewe, kwa sauti, mbele za watu wote. Nikashike gurudumu, anasema, mkono wake umechoka, na zimebaki kumi na sita –