Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mke mwenzangu. Hapa Kongowe mume wetu, babu yako, anakohoa kidogo tu, na mama yako yuko shamba, kijiji cha Masaki, anaokota korosho.

Umeniuliza kwa nini sikukupongeza kwa ile video ya roboti yenu ya kazini. Niliona mkono wako uko katikati ya vidole vyake vya chuma, nikazima simu.

Ujanani, nikisoma ng'ambo, tulijaribu jambo geni: mkono mmoja wa chuma uendeshwe na kompyuta tatu ndogo, kila kiungo na yake. Siku moja kompyuta ya bega ikanyamaza. Zile mbili zikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenzangu Marta alikuwa ameinama anakaza skrubu. Chuma kilimpita sikioni, kikapasua meza.

Ndipo nikakumbuka tulivyokuwa tukitwanga makopa ya muhogo, watatu kwenye kinu kimoja, huku tunaimba. Mama alikuwa akifoka, "Usipomsikia mwenzio, inua mchi!" Maana huenda mkono wa huyo aliyenyamaza uko kinuni.

Nilimweleza mwalimu wetu, tukazifundisha kompyuta zile kuitana, na isiyosikia jibu isimame.

Hiyo yenu ina kompyuta nyingi kuliko ile yetu. Waulize walioiunda: moja ikinyamaza, nyingine hufanya nini? Mpaka wakujibu, mama, toa mkono.

Bibi yako anayekuombea,
Mwanaidi