Mastafeli ya Mama Mkwe

Jumanne, 8 Februari 1949

Nimekohoa kabla ya kuingia nyumbani kwangu mwenyewe. Kiti kikavutwa ndani, mlango wa uani ukafungwa. Hapo nikaingia. Ndivyo tunavyoishi tangu mama yake Agnesi, mke wangu, ashuke treni. Ni buko: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemeshani, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Kwao Kongolo nyumba zina nafasi ya adabu hiyo. Hapa mjini, Kamalondo, tuna vyumba viwili na ua ambao kuku akigeuka anagusa ukuta. Chakula nakila barazani, kando ya cherehani, kama mteja anayesubiri suruali.

Amekuja kumchukua Agnesi. Mimba ina miezi saba, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Desturi naikubali. Njia ndiyo siikubali. Treni mpaka Bukama, meli ya mto mpaka Kabalo, halafu treni tena. Mwaka juzi tulikwenda kilio cha baba yake, Agnesi akiwa na mimba changa. Ikatoka melini. Nilimlaza juu ya magunia ya mahindi na watu wakageuza macho. Sitaki apande meli ile tena.

Agnesi nimemwambia. Mama yake siwezi. Kinywa changu hakina ruhusa.

Jumatano, 9 Februari

Mama mkwe hakuja mikono mitupu. Ameleta kapu la matunda ya miti yake, kila moja limefungwa majani. Ni yangu peke yangu. Kilichotengwa kwa ajili ya mkwe hakionjwi na yeye wala na binti yake. Mkwe anakifungua mwenyewe, mbali na wanawake. Mimi nimezaliwa Kipushi, nimekua na masuku na mabungo ya porini. Matunda ya Kongolo siyajui.

Leo limekuja fenesi. Kubwa kuliko kichwa changu, ngozi ya vipele, na harufu nzito ambayo ilifanya jirani asimamishe baiskeli na kuniangalia. Nikasema basi, limeoza. Nikalipasua. Ndani vitumba vya njano, vitamu sana. Utomvu ulininasa vidole na sikushona mpaka jioni. Nimefurahi kweli. Nimejifunza kutoamini pua.

Ijumaa, 11 Februari

Leo stafeli. La rangi ya kijani iliyoanza kuwa nyeusi, lina miiba laini isiyochoma. Lilibonyea nilipolishika. Ndani uji wa kahawia, unatoa povu. Mdomoni likawa kama pombe ya munkoyo iliyosahauliwa chunguni wiki nzima.

Nilikaa nalo muda. Labda ndivyo lilivyo. Fenesi nalo lilinuka na lilikuwa zuri. Nani aniambie? Nikimuuliza Agnesi, atajua kwamba nina shaka na mkono wa mama yake. Na sahani ikirudi na chakula ndani yake, maana yake nimemkataa aliyekileta.

Nikala. Lote. Mbegu nikazipanga vizuri pembeni ya sahani.

Agnesi alirudi kuniambia: "Mama iko na furaha. Anasema mukwe yake hana kiburi ya bantu ba mu ville."

Kiburi cha watu wa mjini sina. Tumbo ndilo linalonisumbua.

Jumapili, 13 Februari

Jana stafeli, leo stafeli. Sahani tupu inaomba nyingine, na mimi ndiye ninayeirudisha tupu.

Na mimi nimetaka kumheshimu. Jana nilipita duka la Mgreki nikamnunulia mapome, matofaa ya kutoka Kusini, mekundu, yanang'aa. Agnesi ndiye aliyempelekea. Leo baada ya misa nikaona sahani yake ikioshwa. Hakikubaki hata kikonyo. Moyo ukatulia. Huenda mtu akimpenda mkwe wake atamsikiliza siku moja.

Jumatatu, 14 Februari

Amekuja Leonardi. Ni mtu wa Kongolo, fundi wa reli, mpenda pombe, mwenye maneno mengi. Ndiye aliyesimamia ndoa yetu, kwa hiyo ndiye mdomo kati yangu na mama mkwe. Alikaa juu ya kitambaa cha mteja bila kutazama.

"Wanaondoka posho hii," akasema. Yaani Jumamosi. Nikamwambia juu ya meli, juu ya mimba ya kwanza. Akatikisa kichwa. "Minamuambia yote. Anasema njia sasa iko muzuri. Anasema, kama stafeli imefika muzima mu kapu, mutoto mu tumbo atashindwa kufika?"

 Nikamuuliza tu stafeli huwa na ladha gani. Akafumba macho. "Iko mweupe, bamukwe. Mweupe sana. Sukari na ndimu kidogo. Ukikula unasahau madeni."

Mweupe.

Basi nimekula uozo siku zote hizi. Na kila sahani niliyorudisha tupu ilikwenda kumwambia mama mkwe kwamba njia ni salama.

Jumatano, 16 Februari

Sijasema. Nimeshindwa.

Nikisema, nimemwambia mama wa watu kwamba amenilisha takataka, mbele ya binti yake, ndani ya nyumba yangu. Aibu hiyo haioshwi. Ataondoka kesho yake na Agnesi ataondoka naye. Nikinyamaza, wanaondoka Jumamosi. Leo nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile.

Agnesi anakunja nguo za mtoto anaziweka katika sanduku. Miguu imemvimba. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa meli, lakini anaogopa zaidi kumkatalia mama yake. Sote wawili tuna adabu nyingi sana. Nimechukia adabu yangu leo, naandika hivyo bila haya.

Saa ya kula, stafeli lilikuja. Nikala.

Alhamisi, 17 Februari

Imetokea balaa.

Asubuhi, jua limeshapanda, tumbo lilinishika sindano ikiwa katikati ya pindo. Nikakimbia uani. Sikukohoa. Mlango wa choo ukafunguliwa na mama mkwe akatoka, ameshika tumbo kama nilivyolishika mimi. Uso kwa uso. Tuliangaliana kweli, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugeuka. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ana macho ya Agnesi.

Akajifunika kitenge kichwani akapita. Mimi nikaingia, sikuweza kungoja hata kwa ajili ya aibu.

Buko limevunjika. Leonardi akaitwa kutoka kazini. Nikatoa kuku wa faini. Halafu, kama inavyotakiwa, kila mmoja aseme kilichompeleka pale, ili isionekane tumetafutana. Mimi barazani, mama mkwe nyuma ya mlango, Leonardi kizingitini. Alikuwa anachukua neno huku na kulipeleka kule, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa.

Mama mkwe akaanza. Yale mapome. Mekundu nje, ndani rangi ya tumbaku, ladha ya sabuni. Alidhani matunda ya Wazungu ndivyo yalivyo. Akala mpaka mbegu, ili mukwe asisikie vibaya.

Ikawa zamu yangu. Ningeweza kusema maharage. Niliangalia sanduku la Agnesi, limeshafungwa kamba.

Nikasema: mastafeli.

 Leonardi hakuhitaji kupeleka neno. Sauti ya mama mkwe, ndogo: "Yote?"

"Yote. Fenesi ndiyo ilikuwa muzuri."

Lilikuwa limebaki stafeli moja kapuni. Akaomba likatwe mbele yake. Leonardi akalikata kizingitini. Maji ya kahawia yakatiririka mpaka kwenye sakafu, na inzi wakaja.

 Mama mkwe hakumwambia Leonardi, aliliambia lile tunda. "Nilikuchuma ukiwa mugumu kama jiwe. Nilikufunga mwenyewe. Nilikubeba ku magoti mu meli, sikukuweka chini hata kidogo." Akavuta pumzi. "Na mutoto wangu, nani atamubeba ku magoti?"

Agnesi alianza kulia. Mimi pia, naandika ukweli.

Leonardi akatangaza, kwa sauti ya mtu wa serikali, kwamba mama anabaki hapa mpaka mtoto azaliwe, na kwamba kuku asiende bure, apikwe.

Ijumaa, 18 Februari

Kichwa hakitulii. Nilidhani uozo ule naubeba mimi peke yangu, kwa heshima. Kumbe nilikuwa namficha mtu ambaye angeuelewa kuliko wote. Angejua tangu sahani ya kwanza. Mchumaji ndiye anayejua tunda lilivyotoka mtini. Kama tumbo langu lingekuwa gumu zaidi, kesho Agnesi angekuwa njiani.

Desturi siilaumu. Ni desturi iliyotukalisha tuseme. Lakini nimeona namna mtu anavyoweza kumpoteza mtu wake huku kila mmoja anamsifu kwa malezi mema.

Sijalila stafeli bado. Niliyokula hayahesabiki.

Jumamosi, 19 Februari

Treni ya Bukama imepiga honi. Nilikuwa natia vifungo. Niliinua kichwa nikasikiliza mpaka sauti ikaisha upande wa kiwandani.

Uani Agnesi alikuwa anachagua maharage, mama yake anamkanda miguu. Walikuwa wanabishana juu ya chumvi.

Mchana Agnesi akaja kukaa karibu nami barazani, akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto alipiga teke, halafu akatulia. Bado naogopa. Naogopa nikiwa karibu naye.