Timazi Ndani ya Mashine ya Gololi

Kaka Masanja,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike Ushirombo, na haya nilipaswa kukuambia tukiwa tumekaa uso kwa uso. Nayaandika hadharani kwa sababu na kosa langu lilikuwa la hadharani.

Unakumbuka tulivyoichukua ile mashine Shinyanga mjini, miaka ya tisini, kwa yule mjane wa Kihindi aliyekuwa akifunga hoteli ya marehemu mumewe. Meza ya miguu minne yenye kioo juu na taa ndani. Unairusha gololi ya chuma kwa springi, kisha unaizuia isidumbukie kwa vibawa viwili. Mama yule akakupa na karatasi ya matangazo iliyokuja nayo kutoka Marekani: wazungu wenye tai wameizunguka mashine, wanacheka, na nyuma kuna michoro na mishale. Mashine ilisafiri juu ya magunia ya mpunga. Karatasi uliibeba ndani ya shati hadi Rwamgasa.

Tuliiweka kwenye banda letu la chakula. Mimi napika, wewe unachezesha. Karatasi ukaibandika ukutani. Wachimbaji walikuja na vumbi la duara, lile shimo lao la dhahabu, hadi kwenye kope, na aliyepata pointi nyingi alipewa soda. Mwanzoni walifurahi. Halafu wakaanza kuitazama ile picha. "Hawa wanacheka nini?" mmoja akaniuliza. Swali likanikaa.

Maana mashine ilikuwa na tabia ya kuzimika. Mtu anakaribia kushinda, anaitikisa kidogo, taa zinakufa, mchezo umekwisha. Wewe ulisema haipendi kusukumwa. Lakini asubuhi, kabla banda halijachangamka, nilikuona umefungua kimlango chake, mkono mzima ndani, shingo umeigeuza kuangalia nje. Nilipouliza, ulisema unafuta vumbi. Kitambaa hukuwa nacho. Tangu siku hiyo nikawa nakuchunguza, kaka. Nilipekua koti lako ulipolivua. Nilisikiliza ulivyowasalimu wateja, nani ulimchangamkia na nani hukumchangamkia. Hata ulipocheka niliona kama unacheka kwa ajili ya jambo jingine.

Nikamwambia Mama Neema, aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya banda. Nilisema tu kwamba kaka huingiza mkono ndani ya mashine kila asubuhi. Siku mbili baadaye, saa sita mchana, wachimbaji wengi walisimama mlangoni, mmoja ana dumu la petroli. Walisema umeitega mashine, na kwamba anayeshindwa pale anashuka duarani bila bahati. Wiki ile udongo ulikuwa umemfukia mwenzao, akatolewa mguu umevunjika. Alikuwa amecheza kwetu siku hiyohiyo aliyofukiwa.

Hukupandisha sauti. Uliibandua karatasi, ukaifungua mashine mbele yao, ukawaonyesha mshale kwenye mchoro, kisha kitu chenyewe: kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye waya katikati ya pete, kama timazi ya mwashi.

"Ukitikisa, hiki kinagusa pete, mchezo unakufa. Jaribuni wenyewe."

Wakajaribu mmoja mmoja. Dumu likaondoka. Kisha ukauliza taratibu nani aliyewaambia kwamba unaingiza mkono. Wakatawanyika kurudi duarani. Ukageuka ukaniangalia, nimeshika mwiko.

"Kabula," ukasema, "ugali unaungua."

Hadi leo sijui kama ulijua. Mwezi uleule uliiuza mashine, ukahamia Ushirombo kulima.

Baadaye nilikutana na Mzee Shija sokoni Geita. Unamkumbuka: yule aliyekamatisha dhahabu kwa zebaki miaka mingi mpaka mikono ikawa inatetemeka, hata kikombe cha chai anakishika kwa yote miwili. Aliniuliza habari zako. Akaniambia, "Mashine ilikuwa inazimika nikiigusa tu. Kaka yako akawa ananipandishia timazi asubuhi isiguse pete, nicheze kabla vijana hawajafika, kisha anairudisha. Nilimwomba asimwambie mtu, hata wewe. Niliona aibu."

Nilikuja kwako mara nyingi baada ya hapo, na kila mara nilikuja na maneno haya mdomoni. Ukanipokea, ukanichinjia kuku, ukanifungia karanga za kwenda nazo. Nami badala ya kushukuru nilizishuku hizo karanga. Nilidhani unaniadhibu kwa wema, unangoja niseme mwenyewe. Kwenye mazishi wifi aliniambia ulikuwa ukinitaja sana. Nikaogopa kumuuliza ulinitaja kwa lipi.

Ni mimi niliyesema, kaka. Kama ulijua, ulinibebea siri hiyo miaka yote bila kuitua mbele za watu. Kama hukujua, basi karanga zilikuwa karanga tu, na mimi ndiye niliyezila kwa shida.

Pumzika.

Mdogo wako,
Kabula