Ukakasi wa Divai ya Baba

Teglio, Valtellina
10 Desemba

Mpendwa Shangazi Ersilia,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, ambako theluji imeshashuka hadi kwenye mizabibu ya juu. Goti lako linaendeleaje? Na joto la huko kwenu Rosario mwezi huu, linakuacha ulale? Sisi tu wazima. Mama bado anagombana na kuku wake, na watoto wangu hawajambo. Habari za Baba ndizo zilizonishikisha kalamu.

Unajua alivyoanguka kutoka kwenye ukuta wa shamba mwaka juzi, wakati wa mavuno. Mifupa iliunga, lakini kichwa kilikuwa kimegonga jiwe, na pua haikurudi kunusa. Kaka yako, aliyekuwa akinusa pipa na kukuambia zabibu zake zilitoka upande gani wa kilima, hakusikia tena hata harufu ya kahawa. Uzito wa jambo hilo tulikuficha, maana mwenyewe alitukataza kukuambia.

Zabibu za sforzato, divai yetu ya zabibu zilizokaushwa, zilikuwa zimeshaanikwa kwenye vichanja darini. Aliniambia nizitupe. Sikuzitupa. Januari, zilipokuwa zimesinyaa na kukolea utamu, niliziponda na kuzichachusha mwenyewe, jirani yetu Oreste akinielekeza, kisha nikaitia divai kwenye pipa. Baba hakukanyaga pishini hata mara moja. Mezani alikula kama mtu anayemeza dawa. Alikonda. Mwezi uliopita akamwambia Oreste alichukue shamba lote, kuta na mizabibu, kwani kipofu hachagui rangi. Oreste akaja Jumapili kusikia neno la mwisho.

Mama alikuwa amepika pizzoccheri, tambi zetu za ngano nyeusi, pamoja na kabichi, viazi na jibini la casera, siagi na kitunguu saumu vikimiminwa juu mpaka sahani inang'aa. Nikafungua divai yangu kwa mara ya kwanza. Oreste alionja, akakigeuzageuza kikombe. Nikammiminia Baba.

"Usiiharibu, Ornella. Kwangu mimi divai na maji ya mtaroni ni kitu kimoja."

"Kunywa, mzee," Mama akamwambia. "Hata maji ya mtaroni hakuna aliyekukataza."

Akanywa, akakunja uso. "Ukakasi mtupu. Inang'ang'ania ulimi." Kisha, ili tu Mama anyamaze, akajaza tambi mdomoni, jibini likivutika kutoka kwenye sahani, akanywa tena juu yake.

Akaacha kutafuna. Shangazi, nimewahi kuona theluji ya mlima mzima ikiporomoka, lakini sijaona kitu kikubwa kama uso wa baba yangu wakati ule.

"Imeachia," akasema.

"Nini kimeachia?" Mama akauliza, kashtuka.

"Divai! Imekutana na siagi, imeuachia ulimi. Nyamazeni kwanza!"

Akarudia. Divai peke yake, ukakasi ukamshika; tambi, ukamwachia. Akataka bresaola, nyama ile kavu isiyo na mafuta; ikauzidisha ukakasi, akatikisa kichwa. Akataka jibini la bitto, lile kuukuu kabisa. Akafumba macho, machozi yakamshukia hadi kwenye masharubu. "Hili linaivalisha divai joho," akanong'ona. Harufu hakuisikia hata chembe. Kumbe miaka yote ile nusu ya elimu yake ilikuwa kwenye ulimi na ufizi, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Mwishowe Oreste akamwambia Baba, "Fermo, nimekuja kuchukua shamba au kutazama mtu akila?"

"Umekuja kula. Shamba lina mwenyewe." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, nani alikwambia uitoe kwenye pipa mapema hivi? Mkono wa haraka huo!"

Sijawahi kufurahia kukaripiwa namna ile.

Wasalimie mwanao Héctor na mkewe Graciela, na umbusu kitinda mimba wao kwa niaba yetu. Mama anasema usiache kufunga goti lako kwa kitambaa cha sufu. Mungu akufunike, akupe siku nyepesi, na atukutanishe tukiwa na meno ya kutafunia.

Baba angekuandikia mstari mmoja hapa chini, lakini nimeshuka kumwita nikamkuta ameketi mbele ya pipa la mwaka huu, kikombe mkono mmoja na bonge la siagi mkono wa pili, akaniambia nisimsumbue, yuko kazini.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Ornella