Beberu Hatashuka kwa Lori

Makambako

Mke wangu Mama Eliasi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na yule ng'ombe aliyezaa, ndama ni jike au unanificha? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ya upepo, haina adabu kama ya kwetu mlimani, lakini inanikuta nimeshaamka. Vijana wa gereji wanavaa makoti mawili mawili, mimi moja. Juzi nilishusha gia boksi ya lori la mahindi wao wakiwa bado wanatafuta mtu wa kuwasaidia. Tajiri akasema, "Mzee, wewe hustaafu?" Nikamwambia wanaostaafu ni waliochoka.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi, pamoja na lile jani la sale ulilolikunja ndani. Nilipoliona tu nikajua kuna jambo zito. Nikakaa kwenye tairi ndiyo nikasoma.

Sasa sikiliza. Kwetu mtu akikuletea sale huna ruhusa ya kukataa kumsamehe, hata kama amekuulia ng'ombe. Kwa hiyo umesamehewa, na ningekusamehe hata bila jani. Uliambiwa mgeni anatoka Arusha kuja kuangalia gari letu Beberu, ukaona aibu akute mavi ya kuku, ukaliosha, kisha ukapaka milango na paa ile rangi ya kijani iliyobaki walipopaka jiko la usharika. Mama gani wa kwetu angekaa amwache mgeni aone uchafu? Kosa ni la wale ambao hawakukuambia kwamba siku hizi gari la zamani la mashindano linauzwa na mikwaruzo yake. Eliasi anasema mnunuzi alishika kichwa, akauliza namba ya mlangoni imekwenda wapi, na bei ikakatwa nusu hapo hapo. Mimi nilicheka mpaka vijana wakaja kuniangalia.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikipiga simu huyo mwanao anaichukua mkononi mwako. Jumapili ulisikia upande wake tu. Aliniambia, "Baba, Jumamosi lori linakuja kulichukua. Tukichelewa bei itashuka tena."

Nikamuuliza, "Gari la nani?"

"La familia, Baba."

"Na lilipokuwa banda la kuku lilikuwa la nani?"

Akarudia habari ya lori. Wewe unakumbuka wanunua vyuma chakavu walipopanda na mizani yao. Ni yeye aliyesema tuwape, chuma hiki kinatuaibisha mbele ya wakwe. Beberu huyo amebeba ndizi zetu kushuka Kwa Sadala, amepandisha mchele kutoka Mabogini, amempeleka binti yetu kanisani na utepe kwenye boneti. Injini ilipokufa ndiyo kuku wakaingia, na hakuna aliyeuliza bei. Leo matajiri wa ng'ambo wameanza kutafuta vitu vya ujana wao, kila mtu ana bei mdomoni, ila mimi siulizwi.

Hata hivyo sigombani kwa ajili ya bei. Kilichonichoma ni kingine. Mnunuzi alitaka aandikiwe historia, nani na nani walikaa ndani ya gari. Nikamwambia Eliasi, mimi umesema nilikuwa nani?

Akasema, "Nimemwambia ulikuwa unaliosha."

Kuosha niliosha, nani mwingine angeosha? Lakini nilikuwa fundi wake. Na mwaka ule wa tope, yule Mhindi wa Moshi, mwenye gari wakati huo, akiwa mashindanoni, msaidizi wake anayemsomea njia alianza kutapika Bomang'ombe, nikaambiwa ingia wewe. Nikapewa daftari la njia. Unajua kusoma kwangu. Nilikuwa bado kwenye neno la kwanza, tumeshapita kona mbili. Nikalitupa kiti cha nyuma. Nikamwambia, Bosi, njia hizi nimepitisha ng'ombe, nisikilize mimi. Kushoto kwa yule mjane wa maziwa. Sasa shuka, achia tu. Daraja la magogo, nyoosha. Ukiona kaburi la mchungaji, shika breki. Magari yaliyotutangulia tuliyakuta mtaroni, mengine tukayapita yakiwa yanatembea. Mwishoni picha ya gari na watu wake ilipopigwa nilikuwa chini ya gari nakaza boliti, ndiyo maana simo. Na yule Mhindi alipohama nchi, gari likiwa mzoga usiotakiwa na mtu, alinipa kadi ya gari mkononi, akasema, "Chukua, wewe ndiye unayelijua." Nikalifufua mwenyewe, ndipo likaanza kubeba ndizi zetu.

Kadi hiyo ninayo huku, ndani ya Biblia. Nani atauza gari bila kadi?

Wewe fanya hivi. Barua hii ikifika tu, kata masale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, upande wa juu kwenye mazuri, uyapande kumzunguka Beberu pande zote nne. Mwite shemeji yako mkubwa asimame aone. Sale likishasimama ni mpaka. Eliasi ana digrii yake, lakini hajawa mtu wa kung'oa sale mbele ya baba yake mkubwa.

Halafu mwambie injini nimeipata, kwenye gari lililokufa nyuma ya kituo cha mafuta, ndugu wa Beberu kabisa. Nimeshaifungua, pistoni ni nzima. Mvua zikikatika napanda nayo kwenye lori la viazi, naifunga mwenyewe, na tutashuka mpaka Bomang'ombe na kijani chako hicho hicho, wewe ukiwa kiti cha kushoto. Wakicheka, wacheke. Nikifa auze, sitakuwa na mdomo. Nikiwa hai, hapana.

Nisalimie kaka yangu na kifua chake, mama mchungaji aliyekupa rangi, na jirani yetu anayekusaidia kukata majani ya ng'ombe. Binti yetu aliye huku nami anakusalimu sana, yeye ndiye aliyeninunulia bahasha, ila hakuisoma barua.

Jumamosi lori likija, dereva wake hana kosa. Mpe mtori ashibe, mpakilie na mkungu mmoja wa ndizi kwa ajili ya watoto wake, kisha ashuke na lori lake bila gari.

Mumeo, fundi wa Beberu,
Baba Eliasi