Swichi ya Tatu Nimekuachia Wewe

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kidole,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha mbao, mgongo umeegemea ukuta, na binti yako yuko pembeni akikusomea. Mimi sijambo. Magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi, lakini kifua kimetulia tangu baridi ipungue, na chai nakunywa bila sukari kama daktari alivyoamuru, ingawa bado sijamsamehe. Presha yako je? Na shemeji, lile jino limeng'olewa au bado analibembeleza? Nijibuni hayo kwanza, kabla ya mengine yote.

Nawe binti yangu unayesoma, baba yako mkubwa anakusalimu. Soma polepole. Ukifika mahali pakakushika koo, kohoa kidogo kisha uendelee. Usiruke mstari. Nakujua, umerithi huruma ya mama yako.

Barua yenu niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Kisha nikaketi nikaisoma tena. Kwamba daktari wa macho amesema kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki ni mwanga wa dirishani na vivuli vya watu wakipita. Maneno ya faraja umeshaambiwa na wengi, tena walio karibu nawe wakaweza kukushika mkono. Mimi nimelia peke yangu, nimemaliza. Sasa tuzungumze kazi, maana wewe mwenyewe umeniandikia habari za kazi.

Nimeelewa hivi. Zile pedali zako za kubadilisha sauti ya gitaa, ulizozipanga sakafuni miaka yote, kila moja na waya wake, mguu wako sasa unazipapasa tu. Kwenye harusi ile, maharusi wameshikana katikati ya ukumbi wakicheza taratibu, ulitafuta mwangwi ukakanyaga mkwaruzo, gitaa likanguruma kama lori linalopanda mlima. Binti yako anasema bibi harusi aliruka, na bwana harusi akaanza kumwomba radhi akidhani amemkanyaga. Hapo nilicheka, nisamehe. Kisha nikafika kwenye maneno ya kiongozi wa bendi yenu, Bwana Saa: "Kidole, nakuheshimu kama kaka yangu, lakini watu wanalipia harusi, hawalipii kushtuliwa." Amekupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo nafasi yako itachukuliwa na mpiga kinanda.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nikutafutie boksi moja la efekti, yaani la kugeuza sauti ya gitaa, la bei ya kawaida na rahisi kutumia, litakalobeba kazi ya pedali zote hizo. La pili, ukishindwa hata na hilo, uliuze gitaa lako mapema kabla halijakosa mnunuzi? Hilo la pili nitalijibu mwishoni.

Nilikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki, lile lililo karibu na kituo cha mabasi. Muuzaji ni mtu wa makamo, nywele kazifunga nyuma, mdomo haupumziki. Alinitolea boksi jipya linalong'aa, lenye skrini pana kama sahani.

"Hili, mzee, lina sauti zaidi ya mia mbili."

"Mdogo wangu anahitaji tatu."

"Basi zilizobaki atawagawia majirani."

Nilishika gitaa la dukani, nikapiga ule mwanzo wa wimbo tuliokuwa tukifungia ukumbi enzi zetu za bendi moja. Kidole, sauti ilikuwa nzuri mno. Mwangwi ulikuja nyuma ya nyuzi kama mtu anayekuitikia kutoka chumba cha pili. Nilikuwa nimeshatoa pochi. Nilikuwa nimeuliza sauti, nimeuliza na bei, nikasahau kuuliza kwa nini nimetumwa. Kisha nikafumba macho, nikanyoosha mkono kubadilisha sauti. Nikakuta kioo. Kioo kitupu, hakina mwanzo wala mwisho, kidole kinateleza tu.

"Mzee, umepitiwa na usingizi?"

"Hapana. Nafanya mtihani."

"Mtihani wa nani?"

"Wa mdogo wangu. Haoni."

Akalisogeza lile kando, akaleta jingine, dogo, halina skrini. Akasema hilo linaendeshwa kwa simu. Nikamuuliza, na simu si kioo vilevile? Akalirudisha rafuni.

Tangu hapo aliacha utani akawa mwenzangu. Alifumba macho naye, tukawa tunapapasa boksi moja baada ya jingine. Mteja akaingia, akatukuta watu wazima wawili tumeinamisha vichwa macho tumefumba, akauliza kwa sauti ya chini kama arudi baada ya maombi.

Nilichojifunza ni hiki, na ukisikie vizuri, maana siku moja utalazimika kununua jingine mimi sipo. Kitufe cha kuzungusha kinachozunguka bila kikomo hakikufai, hata kama boksi ni la kifahari. Wewe utajuaje kimefika wapi? Tafuta kitufe kinachogota mwanzo na kugota mwisho, chenye mfuo ubavuni, ili kidole kijue kimesimama wapi kama mshale wa saa. Swichi za kukanyaga ziachane kwa upana wa kiatu. Boksi liwe la chuma na liwe zito, lisikimbie ukilikanyaga. Na liwashwe mara moja bila kukuuliza maswali.

Tulilipata rafu ya chini, limejaa vumbi. Ni toleo ambalo vijana wamelikimbia kwa sababu halina skrini, ndiyo maana bei yake imeshuka hata mfuko wangu wa pensheni haukuguna. Lina swichi tatu, vitufe vyake vinagota, na kando lina pedali ya kupandisha na kushusha sauti kwa unyayo.

Sitakuficha kasoro zake. Mwangwi wake haufiki ule wa boksi la kwanza. Linavuma kidogo ukiwa hupigi, kama jiko la mafuta linalowaka chumba cha pili. Betri hazidumu, kwa hiyo tumia adapta siku zote, nimeiweka humo. Na kubwa kuliko yote, ukitoka sauti moja kwenda nyingine, linakata kwa muda mfupi sana, kama mtu anayemeza mate. Usibadilishe katikati ya nyuzi. Badilisha sauti pale mwimbaji anapovuta pumzi. Yeye akinyamaza, na wewe kanyaga. Wasikilizaji watadhani mmepatana.

Nilipofika nyumbani nilifunga macho kwa skafu, nikalifanyia kazi siku kadhaa. Unajua mimi ni mjalidi vitabu, na ngozi za majalada hazijanitoka vidoleni hata baada ya kustaafu. Nimebandika kipande cha ngozi laini juu ya swichi ya kwanza. Ya pili nimeizungushia uzi wenye nta, utausikia kwa soli kama kijiwe. Ya tatu nimeiacha chuma kitupu. Vaa viatu vyenye soli nyembamba, au piga pekupeku kama zamani, Bwana Saa akikasirika mwambie ni agizo la kaka yako.

Swichi ya kwanza ni sauti safi, ya kuitikia waimbaji. Ya pili ni ile inayotetemeka kama maji kwenye beseni, ya nyimbo za taratibu. Mkwaruzo nimeufukuza kabisa kwenye swichi. Ukiutaka utainama uutafute kwa mkono, makusudi. Bibi harusi mwingine hataruka.

Ya tatu ilikuwa ya mwangwi, na hapo ndipo nilipokosea. Niliipanga kwa siku mbili, kwa makini kuliko zote. Nilipunguza mwangwi nikisema moyoni, ukumbi wetu una mwangwi wake, ule ukuta wa nyuma usio na kitu, bati juu, mbao chini, sauti ikitoka jukwaani inakwenda inagonga inarudi. Nikiwa nimefunga ile skafu nililiona kila benchi. Niliwaona wapishi mlangoni. Nilijiona mimi na gitaa langu la besi kushoto kwako. Nilipoipata sauti yenyewe nilivua skafu, nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Kisha nikaichukua tena barua yenu nipate kuijibu, nikakuta mstari ambao nilikuwa nimeupita bila kuusikia. Binti yako ameandika kwamba ukumbi ulivunjwa, ukajengwa upya, una dari ya bodi, zulia, na mapazia mazito hadi sakafuni. Nililiweka boksi chini. Nilikuwa nimekupangia sauti ya mahali ambapo hapapo tena. Ungepiga kwa mpangilio wangu kwenye ukumbi huo wa mapazia, gitaa lingesikika kama linazungumza ndani ya blanketi, na Bwana Saa angetazama saa yake.

Nimeufuta mpangilio wangu. Swichi ya tatu iko tupu, nimekuachia wewe. Mwende ukumbini mchana, hakuna watu. Binti yako asimame mwisho kabisa, karibu na mlango. Wewe piga, zungusha kitufe cha mwisho mkono wa kulia, piga tena, mpaka wewe mwenyewe useme hapo. Yeye asiseme. Kisha kanyaga swichi ya tatu, uishikilie mpaka uvute pumzi mara mbili, achia. Hapo boksi limeikariri sauti yako.

Binti yangu, nakuomba jambo moja gumu. Usimshike mguu. Atakosea wiki ya kwanza, na atakosea na ya pili. Mwache akosee nyumbani, ili asikosee mbele za watu. Ukishindwa kuvumilia, toka nje uanike nguo.

Boksi atalileta muuguzi anayeishi ghorofa ya chini yangu, anakuja huko kuwaona wazazi wake. Lipo ndani ya sweta langu la kijivu. Sweta ni la kwako pia. Ningependa kulileta mwenyewe, ningekaa nawe pale sakafuni, nikushike kisigino nikuonyeshe. Lakini karatasi zangu za kusafiria ni zilezile, hazijakamilika, na magoti nimeshakueleza.

Sasa lile swali la pili.

Mimi niliuza besi yangu wiki niliyoondoka nyumbani kuja huku. Nilikuwa na haraka, na nilijiambia nitanunua nyingine nikifika. Nilipofika palikuwa na kodi ya chumba, kisha pakawa na kazi, kisha nikawa mtu anayejalidi vitabu vya watu. Sikununua. Hata leo, nikiwa nasoma, mkono wangu wa kushoto unatafuta nyuzi kwenye ukingo wa meza. Hakuna siku niliyouambia uache ukanisikia.

Usiuze, Kidole. Inawezekana boksi litakusaidia na ukabaki. Inawezekana Bwana Saa atasikiliza mara moja aseme hapana, na ana haki yake, ana bendi ya kulisha. Kama atakuondoa, na akuondoe gitaa lako likiwa mkononi. Rudi nalo nyumbani, likanyage boksi pale kwenye kiti chako, upige gitaa, watoto wa jirani wakusumbue.

Ukishaipata ile sauti ya tatu, mwambie binti yako airekodi kwa simu anitumie. Asirekodi gitaa peke yake. Aache simu iendelee kidogo baada ya nyuzi kunyamaza. Nataka nisikie ukumbi ulivyo sasa.

Nisalimie shemeji, mwambie jino aling'oe. Nisalimie dada yetu mkubwa, na fundi cherehani wa mlango wa pili kama bado ananikumbuka. Hata Bwana Saa msalimie, bila kinyongo. Mungu akutunzie masikio na vidole, na auongoze mguu wako mahali jicho halifiki.

Ni mimi kaka yako akupendaye, niliyekuwa nikisimama kushoto kwako,

Mzee wa Besi